Tunalaumu wajumbe wa mazungumzo wakati tunakosa wanazuoni wa biashara

Tarehe 30 Septemba 2025 muda wa AGOA, sheria ya Marekani iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru, ulikwisha bila Bunge la nchi hiyo kuuongeza, na ndani ya siku chache maelezo mawili yalikuwa yamezagaa magazetini, redioni na mitandaoni kote Afrika Mashariki. La kwanza lilisema kanuni za biashara duniani zimekufa, mwenye nguvu anajiamulia, na kuzisomea ni kupoteza muda. La pili liliwabebesha lawama wajumbe wetu: walichelewa kwenda Washington, hawakujua kujenga hoja, wapelekwe mafunzo. Naona yote mawili yanateleza mahali pamoja, kwa kudhani kwamba biashara ya kimataifa huamuliwa siku ile watu wanapokaa mezani. Tumebanwa miaka mingi kabla ya meza kuandaliwa. Tumebanwa kwa sababu hatuna watu wa kutosha wanaotumia maisha yao ya kazi kuchunguza jambo moja: nani ananufaika na ushuru upi, katika nchi za wenzetu na katika nchi zetu, na ana uwezo gani wa kuulinda. Hiyo ni kazi ya mwanazuoni wa uchumi wa kisiasa wa kimataifa. Vyuo vyetu vimeiacha inyauke, na gharama yake tunailipa forodhani kwa wenzetu.

Tuichukue fulana moja tu. Imeshonwa Athi River, nje kidogo ya Nairobi, kwa kitambaa cha polista kilichotoka Asia. Chini ya AGOA, sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwezi Mei 2000, fulana hiyo iliingia Marekani bila ushuru, kwa kuwa kulikuwa na kifungu kilichoziruhusu nchi nyingi za Afrika kutumia kitambaa cha nchi ya tatu, yaani kisichotoka Afrika wala Marekani. AGOA ilipokwisha muda, fulana ya nyuzi za viwandani ilirudi kwenye ushuru wa kawaida wa 32%, na ya pamba kwenye 16.5%. Juu ya hapo kulikuwa na ile 10% aliyoitangaza Rais Donald Trump Aprili 2025 kwa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Wachambuzi wetu wengi waliandika kuhusu 10% hiyo kana kwamba ndiyo habari yote, na baadhi wakashangilia kwamba tumeponea chupuchupu. Ukijumlisha vizuri, Oktoba 2025 fulana ya polista ya Athi River ilikuwa inadaiwa 42%. Hata hapo hesabu haijatimia, kwa sababu mnunuzi wa New York anailinganisha na ya Vietnam au Bangladesh, nchi ambazo tangu Agosti zilikuwa zimewekewa 20% juu ya ushuru uleule wa kawaida. Septemba mwanya kati yetu na wao ulikuwa pointi 42. Mwezi uliofuata ukabaki pointi 10, na mwanya wa pointi 10 unaweza kumezwa wote na bei ya umeme na siku ambazo kontena linakaa njiani na bandarini. Kinachoamua kama mshonaji wa Athi River atabaki kazini ni huo mwanya.

Swali zito zaidi limejificha ndani ya kifungu cha kitambaa. Kwa nini Marekani ilituruhusu kutumia kitambaa cha Asia, na kwa nini ruhusa hiyo ilitolewa kwa vipindi vifupi? Mara ya kwanza iliwekewa kikomo cha 2004, ikasogezwa hadi 2007, kisha 2012, kisha 2015, kisha 2025. Wenye viwanda vya nyuzi na vitambaa vya Marekani hawakutaka ushindani wa kudumu, huku waagizaji wa nguo wakitaka bei nafuu. Vikomo vile vilikuwa maafikiano kati ya makundi hayo mawili, na sisi hatukuwamo. Huku kwetu vilijenga tabia. Mwekezaji anayejua kwamba unafuu unaweza kukatika baada ya miaka mitatu hajengi kinu cha kusokota nyuzi, kinachohitaji miaka mingi kurudisha mtaji. Anakodi banda, anafunga cherehani, na siku mambo yakiharibika anazifungasha. Pamba ya Simiyu na Shinyanga ikaendelea kusafirishwa nje ikiwa ghafi, miaka 25 baada ya sheria tuliyoambiwa ingeanzisha viwanda. Mtu anayeelewa jinsi makundi ya maslahi yanavyoandika sheria za biashara angeweza kutabiri hayo mwaka 2000 bila kuwa nabii, na angeweza kusema serikali zetu zipiganie muda mrefu wa kifungu kimoja badala ya kufurahia orodha ndefu ya bidhaa.

Taaluma inayofundisha kuona mambo hayo ina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita kwetu. Mwaka 1970 Susan Strange, Mwingereza aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mwanazuoni, aliandika kwamba wachumi na wataalamu wa uhusiano wa kimataifa wamepeana visogo. Wachumi walisoma masoko kana kwamba hayana dola, na wa uhusiano wa kimataifa walisoma dola kana kwamba hazina masoko. Baadaye akafafanua kwamba nguvu duniani hupita katika njia nne, yaani usalama, uzalishaji, fedha na maarifa, na kwamba anayeshika njia hizo hahitaji kukuamuru, kwa kuwa amekwisha kuamua ni yapi unaweza kuyachagua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mjadala wake katika miaka ileile, na haukuwa umeazimwa Ulaya. Justinian Rweyemamu alitoa mwaka 1973 utafiti wake mkubwa kuhusu viwanda vya Tanzania na namna biashara ya nje ilivyovipinda umbo. Yash Tandon wa Uganda, aliyekuwa akifundisha Makerere, alihamia Mlimani na kushiriki mabishano makali yaliyowahusisha akina Issa Shivji na Dani Nabudere. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwauliza wakubwa wa dunia ni tani ngapi za katani zinanunua trekta moja leo, na zilikuwa ngapi miaka michache nyuma. Swali lile lilibeba hoja ambayo Raúl Prebisch, mchumi wa Argentina, alikuwa ameijenga kwa takwimu, na lilieleweka kwa mkulima wa Korogwe sawasawa na kwa balozi wa Geneva.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Rweyemamu alifariki 1982, angali na umri wa kufanya makubwa zaidi. Mishahara ya wahadhiri ikaporomoka pamoja na uchumi, masharti ya wakopeshaji yakaelekeza fedha kwingine, na wengi wakaondoka kwenda Kusini mwa Afrika, Ulaya na Marekani. Waliobaki wakaanza kuishi kwa kazi za ushauri elekezi. Mahmood Mamdani alilipigia kelele jambo hili Makerere mwaka 2011, akisema utamaduni wa ushauri umemgeuza mtafiti kuwa mtu wa kujibu maswali ya wengine. Katika biashara ya kimataifa ubaya wake ni wa pekee, kwa sababu anayelipia utafiti mara nyingi ndiye anayekaa upande wa pili wa meza. Umoja wa Ulaya wenyewe uligharamia tathmini za athari za mikataba ya ubia wa kiuchumi uliyotaka kuingia na nchi za Afrika. Sisemi tathmini zile zilikuwa za uongo. Nimesoma za aina hiyo nyingi, na mara nyingi hesabu zake ni nzuri. Tatizo ni kwamba hadidu za rejea huandikwa na mlipaji, kwa hiyo huulizwa mkataba utaongeza mauzo kwa kiasi gani, na haiulizwi ni sera zipi za viwanda hatutaweza tena kuzitumia baada ya miaka 20.

Tazama mitumba. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua hadi kufikia 2019, ili viwanda vya ndani vipate nafasi. Lengo lilikuwa halali kabisa. Mwaka mmoja baadaye SMART, chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani, kilipeleka malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi hiyo kikidai ajira 40,000 za Wamarekani zipo hatarini, na Juni 2017 mapitio ya nje ya ratiba ya sifa za kubaki ndani ya AGOA yakatangazwa. Kenya ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, uliopanda kutoka senti 20, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu wa AGOA.

Simulizi lililobaki midomoni mwa watu ni kwamba Marekani ilituonea, na kwamba Rwanda ilikuwa jasiri na wengine waoga. Uonevu ulikuwepo, silikatai hilo. Ila ukiziweka nchi zile pembeni mwa mauzo yao unaona kitu kingine. Burundi ilikuwa imekwisha kuondolewa AGOA tangu Januari 2016, kwa hiyo haikuwa na cha kupoteza. Rwanda ilikuwa inauza nguo kidogo mno Marekani, na adhabu yake ilivumilika. Kenya ilikuwa na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliotegemea soko hilohilo. Nchi zenye hatari tofauti kiasi hicho zilichukua uamuzi mmoja, kwa tarehe moja, dhidi ya sheria ambayo tangu mwaka 2000 ilisema wazi kwamba mnufaika lazima awe anaondoa vizuizi dhidi ya biashara na uwekezaji wa Marekani. Ndani ya nchi zetu, je? Wachuuzi wa masoko ya mitumba ya Gikomba, Karume na Owino ni maelfu kwa maelfu, wanapiga kura, na wanalisha familia kwa robota moja linalofunguliwa alfajiri. Hakuna aliyewapanga katika hesabu ya kisiasa kabla ya tangazo. Uamuzi ungeweza kuanza na bidhaa chache, au kodi ingeweza kupanda polepole, au Kenya ingepewa ratiba yake, kama Jumuiya inavyofanya kila mwaka inapozipa nchi ruhusa ya kukiuka ushuru wa pamoja kwa muda. Kazi ya kuchora ramani hiyo ya maslahi haikuhitaji mpelelezi. Ilihitaji mtu aliyekwisha kuisomea kwa miaka kumi wakati hakuna anayeiuliza.

Kuna wanaosema wanazuoni ni watu wa nadharia, hawana msaada pale mambo yanapoiva. Hoja hiyo husikika sana na ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu tunao ushahidi wa karibu unaoipinga. Mwaka 2016, Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya ulipofika Dodoma, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitwa kutoa mada kwa wabunge, na mwezi Novemba Bunge likakataa kuridhia. Unaweza kukubaliana na uamuzi ule au usikubaliane nao. Ninachosema ni kwamba wabunge walipewa kitu cha kushika, vifungu na matokeo yake, badala ya kupigia kura hisia.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Inasema watu wetu waliong'ara Geneva hawakutokea kwenye viti vya uprofesa. Balozi Ali Mchumo wa Tanzania aliongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani mwaka 1999, ule mwaka ambao mkutano wa mawaziri wa shirika hilo ulivunjika Seattle. Amina Mohamed wa Kenya alishika nafasi hiyo 2005 na akauongoza mkutano wa mawaziri wa Nairobi wa Desemba 2015, uliokubaliana kufuta ruzuku za mauzo ya nje ya mazao ya kilimo. Hao ni wanadiplomasia, na sifa zao ni za kweli. Zaidi ya hapo, Arusha kuna Trapca, kituo cha mafunzo ya sera za biashara kilichoanza 2006, kinachofundisha maofisa wa biashara wa Afrika hadi shahada ya uzamili. Nakubali yote hayo. Lakini mwanadiplomasia huhamishwa kituo, na ofisa wizarani huhamishwa idara, mara nyingi pale tu alipoanza kuyajua majalada yake. Mazungumzo na Ulaya yalianza 2002 na kwa upande wetu yakafungwa Oktoba 2014. Ni nani alikaa na suala lile kwa miaka yote 12? Mataifa tunayojadiliana nayo yana maprofesa waliofuatilia kifungu kimoja tangu wakiwa wanafunzi, na wajumbe wao huwapigia simu usiku wa kuamkia kikao. Mjumbe wetu humpigia nani?

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Marekani ina wanazuoni wengi wa biashara kuliko nchi yoyote, na bado Aprili 2025 ilitangaza ushuru uliokokotolewa kwa kugawa nakisi ya biashara kwa thamani ya bidhaa zinazoagizwa, kisha kukata nusu. Wataalamu waligundua kanuni hiyo ndani ya saa chache na wakaipinga, na haikuzuia Lesotho kupachikwa 50%. Kwa nini basi tulee wasomi ambao hawatasikilizwa? Jibu langu ni kwamba nchi yenye soko kubwa inaweza kumudu makosa yake kwa muda, maana wengine watakuja kubisha hodi hata hivyo. Lesotho, inayoshona suruali za jinzi, haina anasa hiyo, na sisi hatuna. Kadiri nchi ilivyo ndogo, ndivyo kosa la kutoelewa linavyoiuma. Na wale wanaosema kanuni zimekufa wajiulize ni nani atakayesoma ulimwengu usio na kanuni, ambamo kila nchi inapewa masharti yake na kila kundi la maslahi Washington, Brussels au Beijing lina mlango wake. Zamani ilitosha kuusoma mkataba. Sasa lazima usome pia aliyeuandika.

Kuna tarehe inayokuja ambayo haizungumzwi, na ndiyo inayonifanya niandike kwa haraka hii. Tanzania iliweza kukataa mkataba wa Ulaya mwaka 2016 bila kupoteza soko kwa sababu ipo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, na tangu 2001 Ulaya huziruhusu nchi hizo kuingiza karibu kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru wala kikomo cha kiasi. Kenya haimo katika kundi hilo. Oktoba 2014, mazungumzo yalipochelewa, maua ya Naivasha yalianza kutozwa ushuru na yakaendelea kutozwa hadi Desemba. Ndiyo maana Kenya ilisaini 2016 pamoja na Rwanda, ikasaini tena peke yake Desemba 2023, na mkataba wake ukaanza kufanya kazi Julai 2024. Watanzania wengi walisoma hatua ile kama usaliti wa Jumuiya, na Wakenya wengi wakasoma msimamo wa Tanzania kama ukaidi. Kila nchi ilikuwa inajibu hesabu yake, na hesabu zilitofautiana kwa sababu ya orodha moja ya Umoja wa Mataifa.

Orodha hiyo inabadilika. Katika mapitio ya 2024 Tanzania, Uganda na Rwanda zilifikia vigezo vya kuhitimu kutoka kundi hilo kwa mara ya kwanza. Nchi inatakiwa kuvifikia katika mapitio mawili mfululizo, na mapitio hufanyika kila miaka mitatu, kwa hiyo yanayofuata ni ya 2027. Baada ya hapo huja miaka ya maandalizi, na Ulaya huongeza kipindi cha mpito cha miaka mitatu, kisha mlango hufungwa. Kuhitimu ni heshima, na siombi tubaki nyuma ili tuhurumiwe. Lakini Tanzania itajikuta mahali ilipokuwa Kenya mwaka 2014, ikiwa na samaki wa Ziwa Victoria, tumbaku, kahawa na maua ya Arusha, na itapaswa kuamua kama itajiunga na mkataba ilioukataa, itadai mwingine, au itaelekeza mauzo kwingine. Kila jibu litaigusa Jumuiya, ambayo ushuru wake wa pamoja una madaraja manne tangu Julai 2022, la juu likiwa 35%. Litagusa pia Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambako vita halisi vimekuwa vya kanuni za uasili wa bidhaa, yaani zinazoamua bidhaa ihesabiwe ni ya nchi gani, hasa kwa nguo na magari. Mtu wa kuyafanyia kazi maswali hayo kwa kina anahitaji miaka minne au mitano ya uzamivu, kisha miaka kadhaa ya kukosea na kusahihishwa na wenzake. Akianza leo, atakuwa tayari karibu na wakati tutakapomhitaji.

Kwa hiyo madai yangu ni ya kawaida sana, na hayahitaji jengo jipya. Idara za uchumi na za sayansi ya siasa za Dar es Salaam, Nairobi na Makerere zianzishe kwa pamoja nafasi za kudumu za uchumi wa kisiasa wa biashara, zilipwe kwa fedha za umma, ili mhadhiri asiishi kwa hadidu za rejea za watu wengine. Anayeandika kwa Kiswahili uchambuzi unaosomwa na wabunge na wafanyabiashara apate alama za kupandishwa daraja, kama anayechapisha katika jarida la London ambalo Dodoma halifiki. Wizara za biashara zifungue majalada ya mazungumzo yaliyokwisha kufungwa, kuanzia yale ya Ulaya ya 2002 hadi 2014. Mwanafunzi wa uzamivu anayetaka kujua kwa nini tulikubali kifungu fulani leo hulazimika kutegemea kumbukumbu za wastaafu wanaozidi kupungua, au kusoma maelezo ya upande wa pili, ambao huchapisha nyaraka zake nyingi. Kufungua makabati hayo kunahitaji waraka mmoja wa katibu mkuu, na unaweza kuandikwa wiki hii.